Nyuki wa Mbaluka

Jumatatu, 11 Machi

Nimerudi Kinoo. Nyumba ilikuwa imefungwa tangu mazishi. Nilidhani nitaikuta inanuka yeye, jasho lake na ule moshi wa majani makavu aliokuwa akiwafukizia nyuki. Nimekuta nta tu, na vumbi, na mchaichai niliouacha ukining'inia jikoni.

Sijazoea kuandika. Naandika kwa sababu jioni hii niligeuka kumwambia kwamba mfereji umeanza kuvuja tena, na nikajikuta nimeshafungua mdomo.

Basi niandike yaliyopo. Mume wangu Mbaluka, shemasi wa kanisa letu, alifariki Jumapili ya mwisho ya Februari, hapa nyuma ya nyumba, kwenye mizinga yake. Mimi nilikuwa Kitui kwa msiba wa shangazi. Alipatikana kifudifudi kwenye nyasi, ameumwa nyuki mwili mzima. Alikuwa na shati la kanisani, mikono wazi, kichwa wazi. Huyu ni mtu aliyefuga nyuki tangu utotoni kule Mutomo, mtu aliyenikataza hata kupita karibu na mizinga nikiwa nimejipaka mafuta ya nywele. Ovaroli yake nyeupe yenye kofia ya wavu haikuwa mwilini mwake. Haikuwa kwenye msumari wake nyuma ya mlango. Leo nimeitafuta tena, hadi nyuma ya tangi la maji.

Aliyempata ni mnyapara wa saiti ya jirani, wanapojenga fleti. Aliwaambia polisi alimwona kutoka juu akifungua mzinga hivyo hivyo alivyokuwa, kama mtu anayefungua mlango wa nyumba yake.

Hakuna anayelitamka lile neno mbele yangu. Lakini siku ya mazishi kule Mutomo shemeji yangu Mwanzia, kaka mkubwa wa Mbaluka, mzee wa kanisa huko mtaa wa Jamhuri, Nairobi, alimwendea mchungaji akamwambia afupishe. Ibada ikafupishwa. Watu walipopanga foleni kutupa udongo kaburini, Mwanzia alikuwa amesimama mbali kwenye kivuli cha gari, anatazama simu.

Mizinga mitano bado iko kule chini kwenye mteremko, karibu na mto. Nyuki wanakwenda kazini kama kawaida.

Alhamisi, 14 Machi

Mvua ya kwanza. Nimefunga dirisha la nyuma.

Jumanne, 19 Machi

Nimefungua kibanda changu Kenyatta Market. Wanjira, anayesuka nywele mlango wa pili, alikuwa amenifagilia mbele na kunipangusia meza.

"Mama Nzisa, usikae hapo ukiangalia hizo majani. Ziuze."

Nikauza. Mwarubaini, mkaratusi wa kujifukiza, maganda ya muthiga ambayo watu hutafuna kifua kikiwabana. Asali sikuiweka mezani. Chupa alizozijaza yeye ziko chini, nimezifunika gunia.

Mchana, moshi wa nyama ukiwa umejaa sokoni, alikuja msichana mmoja mwembamba na mtoto mgongoni.

"Mama, uko na dawa ya mtu hawezi kulala?"

"Ni wewe au ni mtoto?"

"Ni mimi. Mtoto analala sana."

Nikaanza kumfungia mchaichai. Alikuwa akilitazama lile gunia. "Wewe ndio bibi ya yule mzee wa nyuki?"

Nikasema ndiyo. Nilipoinua kichwa hakuwapo, na mchaichai wake ulikuwa mezani.

Jumapili, 24 Machi

Kanisani mama mmoja alinishika mkono kwa mikono yake miwili akasema Mungu husamehe hata yale tusiyoyaelewa. Nilimshukuru. Nilifika nyuma ya kanisa nikaunawa ule mkono.

Jioni Nzisa, binti yetu, alipiga simu kutoka Mombasa anakofanya kazi. Tulizungumza habari za mvua, za kodi ya nyumba yake, za mfereji. Kisha sauti yake ikashuka, nikajua linakuja.

"Mama, baba alikuwa na mawazo?"

"Mawazo gani?"

"Alikuambia kitu? Siku za mwisho?"

Aliniambia nisisahau kumletea mbegu za mbaazi. Hilo ndilo aliloniambia, nikiwa nimeshapanda gari. Mtu anayetaka kufa huagiza mbaazi? Nimekaa na swali hilo jikoni hadi chai ikafanya utando. Labda huagiza. Labda ndivyo anavyofanya ili mke aondoke bila wasiwasi.

Na ile ovaroli je? Wanasema anayejiandaa kuondoka huanza kugawa vitu vyake.

Jumapili ya Pasaka, 31 Machi

Nimemwona.

Kulikuwa kumepambazuka, manyunyu yanaanguka. Nilifungua dirisha la nyuma kwa mara ya kwanza tangu mvua ianze, ili moshi wa jiko utoke. Kule chini, kati ya mizinga, mtu alikuwa amesimama. Ovaroli nyeupe. Kofia ya wavu, uso hauonekani. Alisimama tu mbele ya mzinga wa tatu, ule ambao mfuniko wake umekaa upande tangu siku ile, na mvua inauingia. Mgongo wake ulikuwa umetuna chini ya nguo. Mbaluka hakuwa na kibyongo. Niliwaza, huko aliko wamembebesha kitu.

Sikupiga kelele. Sikuomba pia, na hilo limenishangaza. Chai ikafurika, nikageuka kuitoa jikoni. Niliporudi dirishani hakukuwa na mtu.

Sikwenda kanisani.

Jumatano, 3 Aprili

Mfuniko wa mzinga wa tatu umefungwa sawasawa, na jiwe limewekwa juu yake. Mimi sijakanyaga kule tangu Februari.

Jumatatu, 8 Aprili

Mvua.

Jumanne, 9 Aprili

Mvua. Mwarubaini niliouanika sebuleni umeota ukungu. Nimeutupa wote.

Ijumaa, 12 Aprili

Mzee Kuria, mwenye ploti hii, amekuja na mwavuli uliovunjika ubavu mmoja. Hakutaka kuketi. Aliusifu ule ua mpya ambao watu wa saiti wamenijengea upande wa mto, mabati mapya tupu, bila hata mimi kuomba. Akasema ni watu wazuri. Ni kweli wametengeneza vizuri. Hata ule mti wa mgrevilia uliokuwa mpakani wameuondoa, na siku hizi kule chini kuna mwanga mwingi.

Kisha akasema, "Mama Nzisa, mimi si mtu wa maneno mingi. Nimemwona mzee wako."

"Wapi?"

"Huko chini. Asubuhi nikienda kukamua. Amevaa ile nguo yake." Alifunga mwavuli, akaufungua tena. "Mtu akijitoa mwenyewe hatulii. Leta watu waombe. Ama hizo nyuki zitoke kwangu."

Nilimwambia nitazungumza na shemeji. Alipoondoka nilisimama nimeegemea mlango. Nilingoja hofu ije. Kilichokuja ni kitu kama shukrani. Kumbe sijarukwa na akili. Kuna mwingine aliyemwona.

Jumapili, 14 Aprili

Mwanzia amekuja baada ya ibada, na suti yake. Alikataa chakula, akakubali maji.

"Shemeji, hizo vitu zichomwe."

"Ni kazi ya mikono ya ndugu yako."

"Ndugu yangu alichagua hizo akatuacha sisi." Aliweka glasi chini bila kunywa. "Unajua vile wananiangalia kanisani? Mimi ndio huwa naombea wafiwa pale mbele."

Nilimwambia moto hautashika kwenye mvua hii. Nilikuwa nanunua muda na sijui nilimnunulia nani.

"Basi ikipungua," akasema. "Ikipungua tu, nitakuja na petroli."

Jumatano, 24 Aprili

Sijawahi kuona mvua kama hii. Tangu jana haijapumua. Watu wanasema kule mabondeni nyumba zimebebwa na wenyewe ndani. Soko sikwenda. Mto wetu, ambao watoto huuruka kwa mguu mmoja, umepanda hadi kwenye viazi vya Mzee Kuria, umekuwa mwekundu, unabeba magodoro.

Mchana ulichukua mizinga miwili ya chini. Niliona kwa macho yangu. Wa kwanza ulielea, ukazunguka taratibu kama unaangalia mandhari, ukaenda. Wa pili ulifunguka. Nyuki walitoka wakajikusanya juu ya mfuniko, donge jeusi, wakaenda nao.

Nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Nilisema kwa sauti, "Nendeni." Nilisema pia maneno mengine ambayo mke wa shemasi hayasemi.

Halafu mvua ikakatika kidogo, nikasikia ile mitatu iliyobaki. Si ule mngurumo niliouzoea miaka yote, uliokuwa ukifika hadi kitandani. Ilikuwa sauti nyembamba, kama mtu anayeimba amefumba mdomo ndani ya nyumba tupu. Niliisikiliza hadi mvua ikaifunika.

Jumatatu, 29 Aprili

Nyuki wanatambaa hadi mlangoni kwangu. Hawaruki. Nimemwona mmoja juu ya meza akiramba sukari iliyomwagika, tumbo limeingia ndani. Alipomaliza hakuwa na nguvu ya kuondoka.

Ni njaa. Mvua imewafungia ndani na maua yote yameoshwa. Miaka ya mvua nyingi Mbaluka alikuwa akiwakorogea sukari kwenye maji vuguvugu, anaweka vijiti juu ili wasizame. Mimi nilikuwa nikimcheka, namwambia anawanywesha uji.

Nimewakorogea. Kwa nini, sijui. Hawa ndio walioufanya uso wake uwe uso nisioujua. Nililibeba karai hadi mwisho wa bustani yangu ya dawa, pale penye rosemari, na hapo miguu ikakataa. Nikaliweka chini nikarudi nyumbani.

Jumanne, 30 Aprili

Karai haliko kwenye rosemari. Liko kule chini mbele ya mizinga, na vijiti vimepangwa.

Alhamisi, 2 Mei

Nimeweka tena. Limechukuliwa.

Ijumaa, 3 Mei

Limechukuliwa.

Jumapili, 5 Mei

Nina mume tena. Siwezi kumwambia mtu, hata Wanjira. Jioni nakoroga sukari, napeleka hadi kwenye rosemari, nasimama hapo nikiongea na mizinga kutoka mbali. Namweleza yote. Kwamba Nzisa analia kwenye simu akidhani simsikii. Kwamba mfereji umetengenezwa. Leo nilimfokea. "Kama ulikuwa umechoka, si ungeniambia? Mimi ninayeuzia Nairobi nzima dawa, ulikosa nini kwangu?" Kunguru alinijibu, basi.

Nikaingia ndani, nikatoka na kikombe cha chai ya tangawizi, nikakiweka kando ya karai na kukifunika kisahani.

Jumanne, 7 Mei

Kikombe nimekikuta kimeoshwa, kimegeuzwa juu chini kwenye jiwe. Nilicheka peke yangu, kisha nikaacha. Mbaluka hakuwahi kuosha kikombe maisha yake yote.

Ijumaa, 10 Mei

Serikali imetoa siku ya mapumziko watu wapande miti. Soko lilikuwa nusu tupu. Yule msichana asiyelala alirudi, mtoto mgongoni, mkono wa kulia umevimba kama mkate.

"Nini kimekupata?"

"Nimechomwa. Nikianika nguo za watu."

Nilimketisha. Mwiba ulikuwa bado umo, katikati ya vidole. Ukiubana sumu inajimimina yote ndani, kwa hivyo niliukwangua kwa ukucha, nikakata jani la shubiri nikampaka ute wake. Anaitwa Emmah. Kwao ni Vihiga. Anafulia watu nguo. Mtoto ni Quincy. Alinijibu kila kitu akitazama chini.

"Unafulia watu wapi?"

"Kinoo."

"Kinoo upande gani?"

Alivuta mkono. Mtoto alikuwa ananitazama kupitia begani mwake, macho makubwa, ametulia kabisa. Nikaona jinsi anavyokaa pale mgongoni, jinsi mgongo wa mama unavyotuna.

Nikamfungia shubiri nyingine ya kwenda nayo. Sikumuuliza tena. Nilijua nikiuliza swali moja zaidi nitabaki bila mtu wa kumwekea chai.

"Huyo dem anakuogopa kama polisi," Wanjira akasema alipoondoka.

Jumatatu, 13 Mei

Nimeweka karai na chai. Mvua imepungua.

Jumamosi, 18 Mei

Mwanzia alifika alfajiri ikigeuka asubuhi. Jua lilikuwa limetoka, la kwanza baada ya wiki. Alikuwa amevaa gambuti na koti la zamani, mkononi kibuyu cha plastiki chenye petroli. Hakubisha mlango. Nilimwona kupitia dirishani tayari anashuka, nikatoka nikimkimbilia na kanga ya kulalia.

"Mwanzia! Ngoja!"

"Nimengoja vya kutosha."

Nilimpita kwenye rosemari. Ndiyo, nilipapita. Nilisimama mbele yake na mizinga nyuma yangu, nikasikia nyuki mmoja wawili wakinipitia masikioni.

"Wewe mwanamke," akasema, na sauti yake haikuwa ya hasira tena, "unalinda kilichokufanya mjane?"

Nilipanua mikono. Kisha uso wake ulibadilika. Alikuwa anatazama nyuma yangu. Kibuyu kilimtoka mkononi.

"Mbaluka," akasema.

Niligeuka. Alikuwa kwenye njia ya mto, pale ua mpya unapoishia, mweupe mzima kwenye jua, mgongo umetuna, na mkononi ana karai langu. Mwanzia alipiga magoti kwenye matope. Mzee wa kanisa, mtu mzima. Alikuwa akisema kwa Kikamba, nisamehe, nisamehe, ndugu yangu, nisamehe.

Mweupe akaanza kurudi nyuma. Na hapo, kutoka ndani ya kile kibyongo, mtoto akalia.

Nilisema, "Emmah. Usiende."

Akasimama. Nilimwendea nikamshika mkono kupitia ile glavu, nikamtoa mbali na mizinga hadi kwenye ngazi za jikoni. Mikono yake ilishindwa na zipu, nikaivuta mimi. Ndani ya ovaroli ya mume wangu mlikuwa na msichana aliyelowa jasho na mtoto aliyefungwa kwa leso mgongoni. Mwanzia alikuwa ametufuata na kibuyu chake. Aliketi juu yake, matope yakiwa magotini.

"Sikuiba, mama," Emmah akasema. "Alinivalisha yeye."

Nilimpa maji. Nimejaribu kuandika alivyosema.

"Hiyo Sunday nilikuja kutafuta wewe. Mtoto alikuwa anachemka sana. Nikaambiwa mama wa dawa anakaa huko chini, pitia njia ya mto. Watu wa saiti walikuwa wanakata mti kwa mashine. Ule mti ukaangukia ua, ukagonga mzinga. Nyuki zikatoka kama moshi. Hao wanaume wakakimbia. Mimi nikabaki katikati, nimezibwa. Mzee akatoka kwa nyumba akikimbia, akivaa hii nguo. Alikuwa ameshaivaa, mama. Alikuwa ameshafunga. Akanifikia, akaivua."

"Akaivua," Mwanzia akarudia.

"Akanivalisha na mtoto akiwa hivyo mgongoni. Akafunga zipu, akanifunga kofia. Zilikuwa zimemjaa kwa shingo, kwa macho, na hata hakuwa anazitoa. Alikuwa anahakikisha hapa kwa shingo hakuna nafasi."

Nilimuuliza alisema nini. Nilihitaji kujua alisema nini.

"Alisema, 'Usikimbie. Tembea. Ukikimbia mtoto atalia.' Nikatembea. Nilikuwa namsikia nyuma yangu akitembea. Nikafika kwa daraja nikageuka nimwambie asante, na hakukuwa na mtu."

Siku iliyofuata mnyapara alimkuta anakokaa. Alimwambia akifungua mdomo wafanyakazi wote watasema ni yeye aliyerusha mawe mizingani. Na majirani wakamwambia mjane wa yule mzee ana dawa za kulipizia kisasi.

"Mbona hukuniachia nguo mlangoni?" nikamuuliza. "Siku zote hizi?"

"Sikuwa narudishia wewe. Nilikuwa narudishia yeye." Alijifuta uso. "Nataka kuiweka hapo alianguka. Lakini naogopa nyuki, siwezi karibia kama sijaivaa. Na nikishaivaa, nitaivua aje nikiwa hapo? Kila siku nakuja nayo na narudi nayo. Halafu nikaona karai, nikajua unataka zilishwe na unaogopa kama mimi."

Mtoto alikuwa ameacha kulia. Mwanzia alivua kofia yake, akaiweka gotini.

"Nilimnyima udongo," akasema.

Emmah alimsogezea maji yake.

Jumapili, 19 Mei

Nimempigia Nzisa. Alilia, kisha akacheka, kisha akasema, "Huyo ndiye baba." Nikasema ndiyo.

Sikumwambia mengine. Kwamba nimelala nikiwa mwepesi na nimeamka nina jiwe jingine kifuani. Miezi yote hii niliogopa kwamba alichagua. Sasa najua kwamba kweli alichagua. Alikuwa ameshavaa, zipu imefungwa, angeweza kurudi nyuma na leo angekuwa hapa anaacha vikombe vichafu. Alimtazama msichana asiyemjua, akanitazama mimi kule Kitui na mbaazi zangu, akavua.

Ni jambo jema kuliko yote niliyowahi kusikia. Sijui nitamsamehe lini.

Jumapili, 26 Mei

Mwanzia alisimama kanisani kwao na kusimulia kila kitu, na alipofika kwenye ile ovaroli akashindwa, wakaimba ili kumsaidia. Kesho anapanda gari kwenda Mutomo peke yake. Hakusema anakwenda kufanya nini kaburini. Polisi wameandika maelezo ya Emmah. Mnyapara amehamishwa saiti nyingine, hakuna anayejua ipi.

Alhamisi, 30 Mei

Nimetazama dirishani. Kule chini hakuna mtu.

Jumatatu, 3 Juni

Niliamka nikakoroga chai ya vikombe viwili. Nimevinywa vyote mimi.

Jumamosi, 8 Juni

Mvua imeisha na baridi imeanza. Mkaratusi wa ng'ambo ya mto umetoa maua. Emmah alisimama kwenye rosemari na mtoto, mimi nikavaa ovaroli nikashuka. Nilikuwa nimejiandaa kwa harufu yake. Ndani kulinuka sabuni ya kufulia na maziwa ya mtoto. Nilivuta pumzi tena na tena ndani ya ile kofia nikitafuta hata kidogo tu, na haikuwepo. Wamemaliza kumvaa.

Nilifukiza moshi kidogo, nikafungua mzinga wa tatu. Niligonga fremu moja ya masega, wakapanda na kunguruma. Nilisimama. Niliwaambia, "Ni mimi. Mke wake." Masega yalikuwa mapya, meupe, na ndani ya vitundu kulikuwa na watoto wa nyuki, wengi. Ukimtoa malkia, hakuna hata mmoja kati ya hawa aliyekuwa hai ile Februari. Nyuki wa kazi hawaishi muda mrefu hivyo, Mbaluka alinifundisha mwenyewe. Waliomuuma wameshakufa wote. Nilikuwa nimekuja na chuki yangu, na hapakuwa na wa kumpa.

Jumanne, 25 Juni

Vijana wanaoandamana wamejaa mjini, barabara zimefungwa, kuna moshi na milio. Soko limefungwa. Wanjira amefika kwake salama.

Jumamosi, 6 Julai

Baridi ya kuuma mifupa. Emmah amepata nguo nyingi za kufua huko juu barabarani, akaniomba nibaki na Quincy hadi alasiri. Mtoto ana kikohozi. Zahanati wamempima kifua, wakasema ni mafua tu. Emmah aliuliza kama ampe asali. Nikamwambia asali bado, hadi atimize mwaka, kwa sasa amnyonyeshe na kumvalisha soksi. Nilisema yote hayo nikiwa nimesimama mbali, mikono kwenye aproni. Sijawahi kumbeba. Kila mara nimepata kisingizio, unga mkononi, dawa mkononi.

Akaniwekea mtoto begani akaenda.

Ni mzito. Sikutarajia. Nilizunguka naye jikoni nikimtazama usoni, kama mtu anayetazama kitu alichonunuliwa bila kuulizwa. Ana pua ya mama yake. Ana kovu dogo juu ya nyusi ambalo sijui alilipataje. Hafanani na Mbaluka popote, na kwa nini afanane? Nilimwambia taratibu, kwa Kikamba ili hata kuta zisisikie, kwamba kama ningeulizwa mimi siku ile, ningesema hapana. Ningesema nirudishieni mzee wangu. Alinisikiliza hadi mwisho, akakohoa, akalaza kichwa kwenye shingo yangu.

Nimeketi naye kwenye kiti cha dirishani. Amelala. Kifua kinapanda na kushuka na kukwaruza kidogo. Jua limeshahama ukutani, jiko limezimika, na Emmah amechelewa. Naandika kwa mkono wa kushoto, herufi zinakwenda ovyo. Wa kulia uko chini ya kichwa chake, umekufa ganzi hadi kwenye kiwiko.

Sijausogeza.